Soketi

Nyumbani hakukaliki wiki hii.
Mamangu mdogo, Bi Zuwena, ameikubali harusi ya jirani
kama mtu anayewekewa mzigo,
na sebule imejaa wanawake, hina, ndimu,
na vicheko vinavyoingia hadi ndani ya rekodi.

Mie kazi yangu masikio.
Daktari wa Toronto yuwasema na simu yake,
mie, Kibokoni, naandika figo la nani limechoka.
Nalipwa kwa dakika. Dakika zake, si zangu:
moja yake ni nne zangu,
kikipigwa kigelegele, sita.

Nikatia laptopu mkobani, nikatoka.

Nyali, kahawa huja na jani limechorwa juu ya povu.
Bei yake: dakika thelathini za figo.
Nikainywa kwa ncha ya ulimi, saa tatu hadi saa saba,
povu likafa, jani likawa doa,
na kijana wa mkahawa akaipangusa meza yangu mara nne,
ya nne akaniinua kiwiko.
Lugha ya kitambaa haitaki mkalimani.

Maktaba: kimya tele, soketi tatu, zote maiti.
"Barua tushaandika," asema mkutubi.
Watahiniwa wamelalia vitabu vya Kemia.

Hotelini, mlinzi: "Chumba nambari ngapi?"
Nikamjibu bila kupepesa, mia tatu na kumi.
Hoteli yenyewe ghorofa moja.

Msikitini, upande wa wanawake: feni, zulia, soketi nzima kabisa.
Nilikwisha kuchomeka waya. Haya zikanishika:
umeme wa sadaka, nami nachuma dola?
Nikachomoa. Nikasali rakaa mbili, nikavaa viatu.

Picha ya pasipoti ndiyo iliyonipeleka kwa Hasmukh,
kichochoroni, nyuma ya Barabara ya Digo.
Alikuwa peke yake dukani, asikiliza kriketi kwa sikio moja.
Nikauliza soketi kabla ya bei.
Akanitazama kama mtu apimaye mwanga.
"Wewe wafanya kelele?"
"La. Nafanya kusikia."
Akafungua mlango mweusi.

Beseni tatu, kavu. Kamba, vibanio, hapana picha.
Harufu ya siki iliyosahauliwa.
Na soketi nne! Kubwa, za kizamani,
moja ilinitoa cheche kwa kunikaribisha.
Tangu simu ziote macho
hakuna aliyeingia humo ila mende.

Kodi? Hakutaka pesa.
"Simu ya duka ikilia, pokea wewe.
Waambie filamu haisafishwi tena.
Mimi hiyo maneno sipendi kusema."

Basi nikawa mdomo wake, nusu siku, wiki tatu.
Haisafishwi tena, bwana. Haisafishwi, mama, samahani.
Kisha narudi kwenye figo zangu.

Jumanne akapiga bibi mmoja wa Majengo.
Ana filamu ya arusi yake, ya mwaka themanini na sita;
mpiga picha alikufa kabla ya fungate kwisha,
na mwenye arusi naye sasa amekufa.
Nikaziba simu kwa kiganja.
"Mwambie haisafishwi," akasema Hasmukh.
Kriketi ikaendelea. Mtu akatoka.
"Mwambie alete."

Alhamisi beseni zilijaa.
Akaniamuru nifunge laptopu, mwanga wake utaunguza karatasi,
nami nilikuwa katikati ya sentensi,
mgonjwa wa watu ameachwa bila kitenzi.
Taa nyekundu. Karatasi nyeupe chini ya maji.
Hasmukh akahesabu kwa Kigujarati, ek, be, tran,
sauti ya mtu anayemwamsha mtoto.
Hakuna aliyenilipa dakika ile.

Zikaja nywele kwanza.
Halafu nyusi. Halafu, polepole,
kutoka vidoleni kupanda,
hina.