Bustani ya Mpangaji

Mwenye nyumba wa Nkuhungu alisema siku ya kwanza:
hapa hakuna kuchimba.
Uani palikuwa na saruji, kamba ya nguo
na kivuli chembamba cha ukuta.
Nikaitikia. Sikumwambia kuwa kwetu Mvumi
mwanamke asiye na jembe
huulizwa kama anaumwa.

Nilinunua mabomba manne ya plastiki kwa fundi Ndahani,
yale ya maji machafu. Mapya, jamani, mapya!
Nikayatoboa kwa chuma cha moto,
nikayalaza yakainama kidogo
kama mtu anayesikiliza.
Chini ndoo, ndani yake pampu ya tangi la samaki
ikikoroma kama paka aliyeshiba.

Miche niliisimamisha kwenye vikombe vya makumbi.
Virutubisho napima kwa kizibo cha soda.
Mizizi ikashuka, myeupe, uchi,
ikinywa maji yaleyale
yanayopita na kurudi,
yanayopita na kurudi.
Ndoo moja, siku tatu.
Kwetu ndoo tatu ziliishia kwenye tuta moja,
ardhi ikazimeza bila hata kulowa midomo.

Ulipofika mgao, mabomba ya mtaa yakakohoa upepo
wiki nzima. Saladi zangu zilibaki wima.

Na palizi? Mgongo wangu bado unashangaa
mwezi wa kwanza umepitia wapi.

Mama alikuja na basi la asubuhi.
Akainua kikombe kimoja, akaiona mizizi,
akageuza uso kama aliyefungua mlango wa bafu
mtu akiwa ndani.
“Sechelela, hiki hakikuzikwa.
Kisichozikwa kinaotaje?”
Usiku akala spinachi ile kwa ugali wa uwele.
Akaongeza. Hakusema kitu.

Kulipokucha pampu ilikuwa imekwama.
Ndani ya ndoo, udongo mwekundu, ngumi moja,
alikuja nao kwenye fundo la kanga.
Nilisafisha chujio, nikanyamaza.
Punje chache zilinishinda. Zimo mpaka leo.

Mwezi wa sita kodi ikapanda.
Wengine huhama wakaacha mpapai unaokaribia kuzaa.
Mimi nilipakia shamba kwenye guta:
mabomba, ndoo, miche ikining'iniza miguu
njia nzima mpaka Nzuguni,
na nyuma yetu, kwenye saruji ya mwenye nyumba,
doa la maji
likikauka.