Sauti Huku, Picha Kule

Bi Siwatu aliingia na flashi kwenye pindo la khanga,
imefungwa fundo kama hela ya mchele.
Duka letu, Mtaa wa Mchikichi, ghorofa ya pili:
feni moja, viti vinne,
kimoja hakikaliwi.
"Fundi, ni taarifa ya habari.
Ya mwaka ule wa mafuriko. Mjukuu aliivuta mtandaoni
kabla hawajaiondoa.
Yumo mama."

Nikachomeka. Windozi ikatafakari,
ikakohoa onyo lake: umbizo halitambuliki.
Faili la zama zile kila chombo cha habari
kilikuwa na kichezeshi chake, na kila kichezeshi
kilidai kijalizo, na kijalizo
kilidai toleo jipya la kijalizo,
bando linakwisha ungali mlangoni
unaulizwa umekuja na nani.

Nikamweleza: Bi mkubwa, hii ni plagi ya pini mbili
na soketi ya matundu matatu.
"Basi chokonoa na kalamu," akasema.

Nikachokonoa.
Nikapakua programu ya bure, dakika arobaini
(bando langu; sikumwambia).
Sauti ikatoka. Maji. Mtu anapiga kelele, shikeni godoro!
Mtangazaji na Kiswahili chake kilichopigwa pasi.
Kioo cheusi tii.
Bi Siwatu akauinamia weusi ule
kama anayetafuta ndoo iliyodumbukia kisimani.

Kwenye kona tuna mashine ya Linaksi,
mtumba wa Ubelgiji, ilikuwa ya shule,
kibandiko cha bata hakijabanduka mpaka leo.
Anayeielewa ni Ngwali, mwanafunzi wangu,
asiyelipia programu hata umshikie bunduki.
Kule picha ikaja: bonde la Msimbazi limekuwa chai ya maziwa,
bati zinaelea, na mlangoni, maji magotini,
mama mzima, kitambaa cha kijani kichwani, kuku kwapani,
anasema, anasema,
hasikiki.

Simu yangu nayo tukaijaribu. Kiduara kikazunguka,
kikazunguka mpaka Ngwali akakionea huruma.

Ningemwambia aje Jumatatu. Ndivyo tusemavyo mafundi,
na Jumatatu yetu haina tarehe.
Ila alikuwa ameshaweka kidole kwenye kioo,
pale penye mlango.
"Walipiga X hapa. Rangi nyekundu.
Nyumba ikaondoka, kisha mama akaondoka.
Picha hata moja hatuna. Albamu ililowa."

Ngwali ndiye aliyesogeza meza.
Mashine mbili bega kwa bega,
zile ambazo tangu nizinunue
hazijaelewana hata kwa barua ya kuomba kazi.
Yeye kidole kwenye picha, mimi kidole kwenye sauti.
Moja. Mbili.

Mara ya kwanza mtangazaji akasema kwa mdomo wa kuku.
Mara ya pili umeme ukapepesa.
Mara ya tatu maji yakapiga ukuta, kishindo kikafika
karibu pamoja, na mama akafungua mdomo kule,
huku akasema:

"Siondoki! Nani atalisha kuku? Wewe mwenye kamera?"

Nusu sekunde nyuma.
Midomo inatangulia, sauti inafuata ikichechemea,
mdomo umeshafungwa, maneno bado yanamwagika.
Nikaanza kuomba radhi: kuna namna ya kuvioanisha, Bi mkubwa,
nitavigeuza viwe faili moja, linalofunguka popote, nita...

"Acha," akasema. Anacheka, machozi yamefika kidevuni.
"Ndivyo alivyokuwa. Ukidhani amemaliza,
bado.
Rudieni."

Tukarudia mara saba. Mara ya nane Ngwali
alihesabu kwa kunong'ona, kama aliye msibani.

Usiku nililigeuza. Faili moja, picha na sauti,
linafunguka Windozi, linafunguka Linaksi,
hata simu yenye ufa ukiibembeleza.
Ile nusu sekunde sikuigusa.
Kwenye risiti niliandika: kusafisha feni,
elfu tatu.