Kopo la Vaselini

Kazi yangu ilikuwa kuziba damu.
Miaka kumi na mmoja nilisimama kona ya Lemuel Tisdale,
mashoto wa Filadelfia ya kaskazini, uzito wa kati,
na kopo la pili la vaselini sikuwahi kulifungua.

Ndiyo kesi yenyewe, mkitaka kuisikia.
Ngumi zilimjia kama wageni walioelekezwa nyumba siyo:
zinabisha, hakuna mtu.
Alihama inchi moja. Mbili ni woga, alisema,
au alijaribu kusema, maana alikuwa na kigugumizi,
na neno "mimi" lilimbana kwenye kamba
kuliko mwanadamu yeyote.

Wenye runinga walimletea kipaza sauti mara moja tu.
Mi, akaanza Lemuel, mi, mi,
wakaingiza tangazo la matairi.

Delvecchio, promota, akamshika bega:
"Mwanangu, mtukane mtu. Vunja kiti. Fuga chui."
Lemuel akamnunulia mama yake mashine ya kufulia.

Eti kizuri chajiuza.
Kajiuze wapi, saa kumi na mbili na nusu jioni,
kasino ya Atlantic City, viti bado vimekunjwa,
umati ni mfagiaji na wakwe wawili wa mpinzani?
Na mabingwa walikuwa na mameneja wajuao hesabu:
huyu hatari tele, mapato kiduchu.
Mmoja akaumwa mgongo. Mwingine goti.
Wa tatu alipanda uzito,
akanenepa kwa ajili yetu.

Sijui. Watu walilipa kuona uso ukibadilika,
na wa Lemuel ulitoka ulingoni kama ulivyoingia,
mkavu, wa karani wa posta.
Kamera ilizunguka ikitafuta hadithi
ikarudi kwa yule aliyevimba.

Siku hizi anaendesha basi la shule, Kensington.
Januari nilimkuta akikwangua barafu kiooni,
nikasimama ng'ambo nimalizie kahawa yangu kwanza.
Mtoto mmoja akafinyanga bonge la theluji,
akalirusha kwa nguvu zake zote, kutoka nyuma.
Labda aliliona kiooni. Labda.
Kichwa kikahama. Inchi moja.
Bonge likapasukia mlango wa basi,
naye akaendelea kukwangua, hakugeuka hata.

Mtoto alisonya,
akaitazama mikono yake,
akadhani amekosa shabaha.