Ofisi ya Vitu Vilivyopotea

Mkufunzi ametoka Tbilisi, jina lake Mzevinari.
Viatu amevivua mlangoni; soksi moja ina tundu kidoleni.
Anatuambia: sukumeni madawati ukutani.
Tunasukuma, walimu kumi na wanne wa Kijerumani,
Januari, Kutaisi, kipasha-joto kinakohoa,
na katikati ya darasa panabaki peupe
kama kinywa kilichong'olewa meno.

Mimi ni Lamzira. Miaka thelathini na mmoja
nimesimama nyuma ya meza, chaki mkononi,
nikigawa majedwali kama mkate wa mgawo.
Wanafunzi wangu wanajua jinsia ya kila nomino;
waulize njia ya kwenda stesheni, wanatazama viatu.
Nami ningetazama viatu. Hili sijawahi kulisema.

"Kiti hiki ni kaunta," anasema Mzevinari.
"Guram, wewe ni karani wa vitu vilivyopotea.
Lamzira, umeshuka treni. Sanduku halipo."
Basi. Hakuna karatasi, hakuna zoezi namba tatu.

Magoti yananinong'oneza: kaa chini, mama mzima.
Guram, niliyemfundisha enzi za chunusi zake,
ananitazama juu ya miwani asiyoivaa.
"Lina nini ndani?"

Nilipanga kusema: nguo.
Nguo ni neno salama, limo katika sura ya pili.
Lakini ulimi hauna mfupa.
Nikasema: jamu ya plamu, chupa tatu, zimefungwa kwa gazeti.
Nikasema: soksi za sufu nilizomfumia mwanangu,
aliyeko Bremen mwaka wa sita sasa
na hunijibu kwenye simu kwamba miguu yake haisikii baridi.

"Hakuna sanduku kama hilo, bibi."

"Tafuta tena!"
Nikakipiga kiti kwa kiganja, kaunta ikalia,
na kwa hasira nikaligeuza sanduku,
ambalo katika lugha ile ni mwanamume,
nikalifanya mwanamke.
Kosa la darasa la kwanza.
Kosa ninalolipigia mistari miwili, myekundu.
Nikasubiri.

Hakuna aliyenisahihisha.
Guram aliinama chini ya kiti, akapekua hewa,
akainuka na kitu kizito mikononi, akitweta.
"Ndilo hili?"

Nikatia sahihi kwa kidole.
Nikalibeba hadi dirishani, bega limeshuka upande mmoja,
na walimu wakanipisha
wasije wakagongwa.

Baada ya chai alieleza malengo, hatua, tathmini.
Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri. Daftari sijui liko wapi.

Jumatatu, darasa la saba B:
sukumeni madawati, nikasema.
Tsotne, ambaye tangu Septemba hajafungua mdomo,
akauliza, "Mwalimu, kwani tunahama?"
Jibu sikuwa nalo.
Nikavuta kiti, nikakaa upande wa pili,
nikamuuliza, kwa Kijerumani, amepoteza nini.