Muhuri Mwekundu

Niliinunua Okaya, gulioni kwa vitu chakavu,
ndani ya soksi ya mtoto, kwa bei ya bakuli la tambi.
Lenzi ya milimita hamsini na tano, nzito kama kosa.
Kwenye duara la mbele: SHIRANAGI, kisha namba,
tarakimu tano, ya mwisho imekwanguliwa.
Kizuri chajiuza, wanasema.
Hii ilijitembeza hadi mkononi mwangu.

Mke wangu Chizuko alihesabu:
"Ya arobaini na moja.
Na nyumba hii haina picha yangu hata moja
ambayo pua haikufifia."

Kioo kilikuwa kimepiga manjano kama chai iliyolala.
Nikaianika dirishani wiki sita,
jua la Februari likiifua polepole,
huku ziwa kule chini likiganda na kupasuka usiku
kwa sauti ya mtu anayekunja bati.
Nikafungua skrubu tatu ndogo kuliko chawa,
nikafuta grisi iliyogeuka ulimbo, nikapaka mpya.
Pete ikateleza kama mlango wa karatasi uliotiwa nta.

Hapo ndipo nilipokiona: kipovu,
kimekaa ndani ya kioo, kando kidogo ya kitovu,
pumzi ya tanuri iliyosahauliwa humo.
Ukipiga picha usiku, kila taa ya mbali
hubeba punje nyeusi tumboni,
kama yai la chura.
Nilikipenda kabla sijajua ni nini.

Na chini ya pete, mdogo kama punje ya mtama,
muhuri mwekundu: Karasawa.

Nimegawa barua miaka thelathini na minne.
Mtu aliyehama, mimi ndiye niliyejua kahamia wapi.
Nikapekua vitabu vya simu vilivyoliwa na panya,
orodha ya waliochangia paa la hekalu,
daftari la muuza pombe aliyewakopesha mafundi.
Shiranagi: banda la kiwanda cha hariri kilichokufa,
watu kumi na tisa, miaka mitatu,
kisha kimya.
Lakini katika daftari, deni la chupa mbili,
na muhuri uleule.

Bi Karasawa Mitsue ana miaka tisini na moja.
Nilimwekea lenzi kiganjani.
Hakuichungulia. Aliipeleka sikioni,
akazungusha pete taratibu hadi mwisho, akairudisha.
"Grisi si yetu," akasema. "Muhuri una rangi gani?"
"Mwekundu."
Akacheka hadi muuguzi akaja mbio.

"Mwekundu ni wa kukataa, bwana!
Nzima tulizipiga wa buluu, zikauzwa, sijui ziko wapi.
Kiwanda kilipofilisika, mishahara yetu
ilikuwa hizi tulizozikataa.
Nilipata sita. Nne nilizibadilisha kwa mchele.
Tarakimu nilizikwangua mwenyewe, kwa pini ya nywele,
mnunuzi asije kurudi kudai."

Nikamweleza kuhusu kipovu, na zile taa.
Akanitazama
kama unavyomtazama mtu anayekusifia kovu.

Nikaomba picha moja.
Mwanga wa dirisha, tundu la lenzi wazi kabisa,
ukanda mkali mwembamba kama ukucha.
Nikalenga jicho, nikabana pumzi.
Mkono wa umri wangu ukatikisika.

Alhamisi nilimpelekea, nikiinamisha kichwa:
jicho limezama ukunguni.
Kilichosimama wazi ni sikio,
kila mkunjo, kila unywele, hata doa la hereni ya zamani.
Nikaanza kuomba radhi.
"Acha," akasema, akiisogeza picha kwenye taa.
"Hilo ndilo lililokuwa likifanya kazi.
Macho yalikuwa yakisinzia tu."

Niliporudi, Chizuko alikuwa ameshaketi dirishani,
amechana nywele, hajaambiwa na mtu.
"Haya," akasema. "Anza na pua."