Pomboo wa Kigwe

Kipindi cha tano, saa sita na robo.
Bati linalia kwa joto, chaki imebaki ukubwa wa jino.
Namchora pomboo ubaoni:
mgongo, pezi, mdomo kama shingo ya chupa,
na mkia. Mkia umelala, nawaambia,
haukusimama kama wa perege wa Hombolo;
huyu huupiga juu na chini,
kama mbuzi anavyokunja mgongo akikimbia.

"Samaki," anasema Ndahani kutoka nyuma.

Si samaki.
Ana mapafu. Ana tundu utosini, hulifungua na kulifunga,
na asipopanda juu kuvuta pumzi atakufa maji
humo humo majini alimozaliwa.
Darasa linacheka. Kufa maji nyumbani kwako!
Kiumbe gani huyo?
Natazama nje ya dirisha, Machi hii,
mabua ya uwele yamekauka kabla ya kubeba,
wala sijibu.

Huzaa, naendelea. Mtoto hutanguliza mkia,
hutoka na mikunjo ubavuni kama shuka lililokaa sandukuni,
na mama humnyonyesha.
"Matiti yako wapi, mwalimu?" Sechelela, bila haya.
Yamefichwa ndani ya nyufa mbili tumboni,
ili maji yampite bila kukwama.
Wasichana wa mstari wa mbele wameacha kuandika.

Kisha nasema nililosoma jana usiku kwa tochi ya simu:
kwamba zamani, zamani isiyo ya bibi wala ya bibi wa bibi,
wahenga wake walitembea nchi kavu kwa kwato;
kwamba ndani ya lile pezi mna mifupa ya vidole,
na tumbo lake lina vyumba;
kwamba kwa damu yuko karibu na ng'ombe
kuliko papa, kuliko changu,
kuliko chochote mlichowahi kuona kikaangoni.

Kimya.
Ndahani amesimama. Amechinja na baba yake mara nyingi,
vyumba hivyo anavijua kwa kiganja,
kile chenye vishimo vya sega la nyuki,
kile chenye kurasa kama daftari.
"Kwa hiyo walihama," anasema.
Walihama.
"Ukame?"

Sijui, Ndahani. Kitabu hakisemi.
Kinasema tu waliingia majini polepole,
kizazi baada ya kizazi, pua ikipanda kuelekea utosini,
miguu ya nyuma ikisinyaa
hadi ikabaki mifupa miwili midogo isiyoshika kitu,
kama funguo za nyumba iliyokwisha kubomoka.

Mimi mwenyewe bahari sijaiona. Sikuwaambia.
Mwisho wangu wa mashariki ni Morogoro, stendi.

Usiku bomba la kijiji hufunguliwa saa tisa.
Nimekaa juu ya ndoo yangu, mtu wa arobaini na mbili,
nawaza wanavyolala:
nusu ya ubongo huzimwa, nusu hukesha,
jicho moja limefumbwa, jingine liko kwa mwenzake.
Mama Chibago, mbele yangu, kasinzia vivyo hivyo,
jicho moja kwenye dumu lake la njano.
Ningeweza kumweleza.
Angesema: na hilo nalo mlilisomea chuo?

Karibu na alfajiri nasikia mluzi zizini kwa akina Ndahani,
mrefu, unashuka kisha unapanda.
Wameandika kwamba kila pomboo ana mluzi wake,
jina alilojitungia angali mdogo,
na wenzake humwita kwa huo.
Ng'ombe anaitika. Mmoja tu.

Kisha maji yanakohoa ndani ya bomba.