Nusu Digrii

Tairi la nyuma kulia lilikuwa limelika upande wa ndani
hadi waya ukachomoza kama uzi wa sweta kuukuu,
na upande wa nje bado una vinyweleo vya dukani.
Matairi mawili kwa miezi mitano.
Mshahara wa mwalimu haujui hesabu hiyo.

Gari nililinunua likiwa limeshushwa.
Mwenye nalo wa kwanza, simjui,
alitaka liinamie lami kama paka anayevizia;
akakatisha springi, akapanuza matundu,
akaniachia stika ya bima na harufu ya sigara.

Ndiyo maana Jumamosi hii, Julai, manyunyu,
nimekaa juu ya kreti ya soda, Baba Dogo,
na mikono miwili mipya mapajani:
chuma cha buluu, cha kurefushwa na kufupishwa kwa nati,
kilichotoka Dubai ndani ya begi la shemeji yake Akoth,
katikati ya mashuka.
Nimeleta na kipimapembe changu cha ubaoni.
Fundi Mwololo alikitazama, akacheka hadi akakohoa.
"Mwalimu, leo utasahihisha chuma?"

Boliti ya kwanza ilitoka kwa dizeli na subira.
Ya pili kwa bomba la futi nne lililovishwa spana.
Ya tatu ilikataa. Ikapigwa moto, ikalia, ikakatika kichwa,
na kijana Kiptanui akatumwa Kariobangi kutafuta mwenzake,
akarudi na tatu za saizi tatu, mkate, na habari za mpira.

Kisha mkono mpya haukuingia.
Milimita nne. Unene wa daftari.
Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi;
huyu alikunjwa akiwa mkavu,
na aliyemkunja akaziba nyufa kwa moto.

Mwololo akalala tena chini, tochi mdomoni.
Kimya kikarefuka.
Niliona viatu vyake tu, vimetulia,
soli moja imefungwa waya.
"Mwalimu," sauti ikatoka chini ya gari,
"huu mshono ni wangu."

Akanionyesha: matone ya chuma yamelaliana
kama magamba, ila kila la tano limekengeuka kushoto,
kwa sababu mwaka ule kidole gumba kilikuwa na bandeji
na miwani ya kuchomelea hakuwa nayo; alifumba jicho moja.
Kijana fulani wa South B, usiku, pesa mkononi,
shusha mpaka lisugue.
Mwololo alikuwa na miaka kumi na tisa na tumbo tupu.
"Nilijua haiko sawa," alisema.
"Nilijua huku nachomelea."

Sikumjibu. Mimi pia nina watoto
niliowapitisha kwa alama arobaini
ili nisiwaone tena mwaka uliofuata.

Akawasha grenda. Cheche zikamwagika topeni,
zikazimika moja moja.

Saa kumi na moja tukavuta uzi wa mwashi
kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma,
tukapima kwa rula yenye jina la mwanafunzi,
zungusha nati robo, sukuma gari, liache likae, pima tena,
zungusha, hapana, umezidisha, rudisha.
Kipimapembe kikaegemezwa kwenye rimu.
Safari hii hakuna aliyecheka.

Alinitoza kazi ya mikono.
Ya kukata mshono hakuitaja,
nami sikuitaja.

Outering, magari yakiwa machache, niliachia usukani
muda wa kuhesabu hadi saba.
Gari likaenda, likaenda,
kisha likavuta kushoto, kidogo,
kama mtu aliyesikia jina lake.
Nikaegesha, nikampigia.
"Nusu digrii," akasema. "Iache hivyo.
Barabara yenyewe imeinama upande huo,
maji yapate pa kutokea."